Maneno ya Toni: Shajara ya Mradi wa Kidato cha Tatu

Jumatatu, 13 Januari

Mradi huu umezaliwa na rundo la karatasi nilizozisahihisha wakati wa likizo. Katika swali la ushairi la mtihani wa mwisho wa mwaka niliuliza toni ya shairi, yaani sauti ya msemaji kuelekea anachokisema, kwa alama 2, moja ya kuitaja na nyingine ya kuithibitisha. Wanafunzi 27 kati ya 41 waliandika "toni ya huzuni", ilhali nafsineni, yaani anayesema ndani ya shairi, alikuwa akimcheka kiongozi aliyeahidi daraja la chuma akaleta magogo mawili. Huzuni hiyo haikutoka katika shairi hata kidogo, kwani wamezoea kwamba shairi likitungwa lazima mtu awe analia. Waliosalia waliandika "toni ya juu" na "toni nzuri", na mmoja, ambaye sitamlaumu sana, aliandika "toni ya kishairi".

Wanafunzi hawa sasa wako Kidato cha Tatu na mwakani watafanya KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza shule ya upili hapa Kenya. Karatasi ya Tatu ya Kiswahili, yaani Fasihi, ina alama 80, na mtahiniwa hujibu maswali manne ya alama 20 kila moja. Mwalimu mwenzangu aliniuliza leo kwa nini nitumie mihula miwili kwa jambo ambalo mara nyingi hutuzwa alama 2 tu. Nilimjibu kwamba aliyekosa toni ya shairi huwa tayari amekosa dhamira yake, na hata akitaja tamathali zote kwa usahihi, maelezo yake ya kazi ya tamathali hizo yatakwenda kombo. Hali ni hiyo hiyo katika ufahamu na muhtasari wa Karatasi ya Pili: asiyetambua kwamba mwandishi anakejeli atanukuu maneno ya kejeli kana kwamba ndiyo maoni yake ya kweli.

Lengo ni kwamba kufikia Julai kila mwanafunzi awe na maneno 30 ya toni anayoweza kuyatumia, kila moja akilisimamisha kwa ushahidi kutoka kwenye matini.

Ijumaa, 24 Januari

Orodha ya kwanza imekamilika na sifurahishwi nayo. Nilichukua chati ya toni inayotumiwa na wenzetu wa somo la Kiingereza nikaitafsiri neno kwa neno. Matokeo yake ni misemo mizito kama "toni ya kukumbuka yaliyopita kwa hamu" na "toni isiyoegemea upande wowote kihisia". Wanafunzi waliikariri kama jedwali la elementi. Nilipowapa aya tatu fupi wazitambue, waliokariri vizuri zaidi ndio waliokosa zaidi, kwa sababu walikuwa wakitafuta ni neno gani la chati halijatumika bado.

Jumatano, 5 Februari

Leo nimepata njia, na sikuipata mimi. Wanafunzi wawili walikuwa wakibishana juu ya ubeti ambao mke anamwuliza mumewe mbele ya wageni zilikokwenda pesa za mavuno. Mmoja alisema toni ni ya hasira. Mwenzake akamkatiza: "Hasira gani? Huyu anamsuta." Darasa zima likacheka kwa kuelewa, na hapakuhitajika maelezo zaidi.

Nimeketi jioni nikalitafakari neno hilo. Kusuta si kukasirika tu. Ni kumkabili mtu uso kwa uso, aghalabu mbele ya mashahidi, ili uongo wake au tendo lake la siri lidhihirike naye aaibike. Ndani ya kitenzi kimoja tunapata hisia ya msemaji, uhusiano wake na anayesemwa, kusudi lake, na hata idadi ya watu waliosimama pale. Neno "hasira" halina hata robo ya habari hiyo. Niligundua kwamba chati yangu ilijaa nomino za hisia, huzuni, furaha, hasira, chuki, ambazo hueleza kilichomo moyoni mwa mtu, hali Kiswahili kimekwisha kututengenezea vitenzi vingi vya namna ya kusema: kusihi, kubembeleza, kunung'unika, kukaripia, kukemea, kuusia, kunasihi, kubeza, kusimanga, kuomboleza, kujigamba. Wanafunzi wangu wanavijua karibu vyote. Wamevisikia nyumbani tangu utotoni, na baadhi yao wametendewa.

Kwa hiyo nimelifuta swali la "Mwandishi anahisi nini?" ubaoni na kuweka jingine: "Ungemsikia akiyasema haya nje ya dirisha, ungemwambia jirani yako anafanya nini?" Jibu huja kama kitenzi, nasi huligeuza baadaye kwa mtindo wa mtihani: anasuta, basi toni ni ya kusuta, analalamika, basi toni ni ya malalamiko.

Jumanne, 18 Februari

Wiki mbili hizi tumekuwa tukipanga vitenzi kwa koo, na kazi iliyochukua muda mrefu ni kutenganisha ndugu wa ukoo mmoja. Ninaandika hapa tofauti tulizokubaliana, kwa kuwa kadi za wanafunzi zimeanza kuchanika.

Kulalamika na kunung'unika: anayelalamika anataka asikike na mwenye uwezo wa kurekebisha jambo, ilhali anayenung'unika anasema chini ya pumzi, amekwisha kukata tamaa ya kusikilizwa au anaogopa. Kuonya na kukemea: onyo hutangulia tendo, kemeo hulifuata. Tofauti hii ya wakati imewasaidia sana, kwa sababu sasa wanatazama nyakati za vitenzi katika shairi kabla ya kujibu. Kusikitika na kujuta: mtu anaweza kusikitikia jambo lililofanywa na yeyote, lakini majuto ni ya aliyelitenda mwenyewe. Mwanafunzi aliyeandika kwamba yatima "anajuta kufiwa na wazazi" aliliona kosa lake mara moja baada ya kuulizwa kama yatima huyo ndiye aliyewaua.

Ukoo wa kejeli ndio ulioleta ubishi. Mwishowe tuliupanga kwa ukali. Mwanzo kuna utani, ambao anayetaniwa naye hucheka. Kisha ipo dhihaka, ambayo anayedhihakiwa hachekeshwi nayo ila watazamaji wanacheka. Inafuata kejeli, ambapo msemaji husifu kwa maneno huku akishusha kwa maana, kisha kebehi, ambayo haijifichi tena nyuma ya sifa yoyote. Sidai kwamba kila kamusi itakubali mpangilio huu, maana kamusi nyingine hufafanua neno moja kwa jingine na kukurudisha ulikotoka, lakini kwa darasa ngazi hii inasimama.

Tulikwama kidogo kwenye kinaya. Wengi walitaka kukiingiza katika ukoo huu, nami nimekataa. Kinaya ni mbinu, ni namna mambo yanavyokwenda kinyume na matarajio, na mbinu hiyo inaweza kubeba kejeli, masikitiko au hata mzaha mtupu. Anayeandika "toni ya kinaya" ametaja chombo akaacha kilichomo.

Alhamisi, 27 Februari

Nimetenga kipindi kimoja kwa istilahi zinazochanganywa. Toni ni sauti ya msemaji kuelekea jambo au mtu anayemhutubia, dhamira ni lengo lake, na hali ni mazingira ya kihisia yanayomzunguka msomaji. Mwanafunzi aliyehamia kwetu kutoka Arusha alituambia kwamba walizoea zaidi kuulizwa msimamo na mtazamo wa mwandishi, na kwamba tashtiti, ambayo sisi huifundisha kama dhihaka yenye lengo la kusahihisha jamii, kwao ilifundishwa kuwa ni kuuliza swali ambalo jibu lake linajulikana. Nimeliondoa neno hilo kwenye orodha ya toni ili lisituletee mgogoro wa mpaka.

Jumanne, 11 Machi

Kutaja toni sasa si taabu. Taabu ni alama ya pili, ile ya kuthibitisha. Wanafunzi wanaandika "toni ni ya kejeli kwa sababu anakejeli", jibu ambalo linazunguka kama punda wa kinu. Kwa hiyo wiki hii tumeacha vitenzi tukawinda alama ndogo ndogo ambazo mwandishi huziacha nyuma, na sijawahi kufurahia wiki ya kufundisha kama hii.

Tulianza na "eti". Neno hili dogo humtenga msemaji na anachokisema. "Amekuja kutusaidia" ni taarifa, lakini "eti amekuja kutusaidia" ni kumkana mtu huyo kabla sentensi haijafika mwisho. Tukaenda kwa "laiti", ambayo karibu kila mara huongozana na -ngali- au -ngeli- na huelekeza kwenye majuto, au kwenye tamaa ya jambo lisilowezekana tena. "Kumbe" huonyesha mshangao wa aliyegundua jambo kwa kuchelewa, na mara nyingi ndani yake mna uchungu wa kudanganywa. "Ole" ni onyo lililokaribia kuwa laana. Kiambishi cha nafsi "tu-" katika vitenzi vya kuhimiza, "tuinuke", "tushikane", humtia msemaji ndani ya kundi, na ndiyo alama ya kuhamasisha. Akibadili akasema "inukeni", amejitoa kundini na amekaribia kuamuru au kukaripia. Vilevile tuliorodhesha maswali yasiyongoja jibu, wito wa "ewe", na ukanushi mkali kama "usithubutu".

Kisha tukafika kwenye ngeli, na hapo nikakosea mbele ya darasa. Niliwaambia kwamba mtu akitajwa kwa kiambishi cha kudunisha, kama "kijitu", au cha kukuza, kama "jitu", msemaji anabeza. Niliwapa sentensi: "Karibu katika kijumba changu, ukae." Darasa zima, likiniamini mimi, lilijibu kubeza. Msichana mmoja wa nyuma akauliza ni nani anayebeza nyumba yake mwenyewe anapomkaribisha mgeni. Ni kweli: ule ni unyenyekevu, na katika kinywa kingine ungekuwa upendo. "Kijumba chake" kingekuwa jambo jingine kabisa. Nimeirekebisha kadi: kiambishi peke yake hakitoshi, sharti kisomwe pamoja na mmiliki.

Kanuni ya kuandika jibu tuliyoafikiana ni ya sentensi mbili. Ya kwanza hutaja toni, na ya pili hunukuu neno au kifungu kimoja na kusema kinafanya kazi gani. Asiyeweza kunukuu hana haki ya kutaja.

Ijumaa, 21 Machi

Zoezi la kutunga. Nilitoa taarifa moja kavu: "Bomba la kijiji lilifunguliwa Jumamosi. Hadi jana jioni maji hayakuwa yametoka." Kila kundi lilipewa kitenzi kwa siri, liandike habari hiyo hiyo kwa toni hiyo, na makundi mengine yakisie. Nimehifadhi matatu.

Kundi la kejeli: "Bomba letu limefunguliwa kwa shangwe, utepe umekatwa, picha zimepigwa na wageni wameshiba. Sasa limesalia jambo dogo tu, maji."

Kundi la malalamiko: "Siku nne tumeamka alfajiri tukapanga madumu, na siku nne tumerudi nayo matupu. Tumwambie nani?"

Kundi la masikitiko: "Bibi aliyelingoja bomba hili tangu ujana wake ameonekana leo akirudi mtoni na dumu lake, akitembea polepole kuliko jana."

Hakuna aliyekosea kukisia, na katika kifungu cha tatu neno "masikitiko" wala dalili yake ya wazi haimo. Nilipowauliza ushahidi ni upi, walisema ni "polepole kuliko jana". Kwa kuutafuta ushahidi wa wenzao wamejifunza kuusuka wa kwao; huenda hata insha zao za Karatasi ya Kwanza zikafaidika, hasa hotuba na barua kwa mhariri, ambazo huwa wanaziandika zote kwa sauti ya tangazo la kanisani.

Jumanne, 6 Mei

Muhula wa pili umeanza. Kazi ya likizo ilikuwa kuleta jina la leso moja, yaani maneno yaliyoandikwa kwenye kanga, kutoka nyumbani, pamoja na maelezo ya nani aliivaa na mbele ya nani. Nilidhani itakuwa ya kuburudisha tu, lakini ndiyo iliyotufunza jambo ambalo mashairi hayakuweza kutufunza, yaani kwamba maneno yale yale huchukua toni kutoka kwa msemaji na msikilizaji wake.

"Usisafirie nyota ya mwenzio" ililetwa na wanafunzi wawili. Wa kwanza alisema bibi yake alimpa binti yake aliyekuwa akimwiga rafiki yake kwa kila kitu, na kwa hiyo ni nasaha. Wa pili alisema shangazi yake aliivaa siku ya harusi akapita nayo mara tatu mbele ya jirani fulani. Hiyo, walikubaliana kwa sauti moja, ni kusuta. "Japo sipati tamaa sikati" tuliiweka kwenye matumaini, ingawa kijana mmoja alisisitiza kwamba ndani yake mna ukaidi, na sikuona sababu ya kumpinga. "Sisi sote abiria dereva ni Mungu" ilikuwa unyenyekevu, hadi mmoja aliposema ameiona nyuma ya matatu iliyokuwa ikienda kasi ya kutisha.

Tangu leo kadi ya kila shairi ina mistari miwili ya kujazwa kabla ya toni: nani anasema, na anamwambia nani.

Alhamisi, 29 Mei

Swali gumu limeulizwa: je, shairi likibadilisha toni katikati, mtahiniwa aandike ipi? Niliwasimulia Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, ambamo mshairi anauhutubia moyo wake mwenyewe, anauonyesha majumba ya fahari ya Pate yaliyogeuka magofu, na kutokana na magofu hayo anauonya usihadaike na dunia. Maombolezo yanalisha onyo, na anayetaja moja tu ameona nusu. Tumekubaliana kwamba swali likisema "toni ya shairi" bila ubeti, mtahiniwa ataje ile inayotawala na aeleze kwa sentensi moja inapogeuka. Likitaja ubeti, abaki katika ubeti huo. Neno la kutafuta ni "lakini", "ila", "hata hivyo", au kubadilika kwa anayehutubiwa.

Jumatano, 18 Juni

Mwanafunzi wangu wa zamani anayeomba nafasi ya chuo Marekani alipita shuleni na kunionyesha mazoezi ya mtihani wa SAT. Tangu 2023 mtihani huo hufanywa kwa kompyuta huku kwetu, na sehemu ya kusoma ina vifungu vya maneno 25 hadi 150, kila kimoja na swali lake moja. Kilichonivutia ni kwamba swali linapohusu kusudi la kifungu, majibu ya kuchagua mara nyingi huanza na kitenzi: kukosoa, kueleza, kutetea, kulinganisha. Nilijiona kama niliyekutana na jamaa ugenini. Alilalamika kwamba hushindwa anapobakiwa na majibu mawili. Tulipoyapitia, tuliona kila mara anachagua lenye kitenzi kikali zaidi, "kulaani" badala ya "kutilia shaka", ilhali mwandishi wa makala ya kitaalamu ni nadra kulaani. Hilo ni kosa la darasa langu pia, na kesho yake niliongeza chini ya kila kadi mshale wa ukali.

Ijumaa, 11 Julai

Nimetoa jaribio la kufunga awamu hii. Wanafunzi wote 41 wamefanya, na waliojibu "huzuni" bila ushahidi ni wawili. Wastani wa maneno ambayo kila mmoja aliyatumia kwa usahihi katika kazi za muhula mzima ni 26, pungufu ya lengo, na ninaona afadhali 26 hayo kuliko 30 ya kukariri. Ukoo ambao bado ni dhaifu ni wa nasaha: kuasa, kunasihi, kuusia na kuhimiza bado vinabadilishana nafasi kiholela.

Ubeti wa jaribio niliutunga mwenyewe, sauti ya mzazi kwa mwanawe aliyehamia mjini:

Kwa jembe nilikukuza, hadi ukaelimika,
Ng'ombe wangu nikauza, karo ikakamilika,
Leo ninakuagiza, wazazi kuwakumbuka,
Usia nakueleza, usije ukapotoka.

Katika mwongozo wangu wa kusahihisha jibu lilikuwa moja, toni ya kuusia, na ushahidi wenyewe umo katika mshororo wa nne kwa neno "usia". Wengi walilipata. Lakini wanafunzi tisa waliandika kusimanga, nami nikawakata alama zote mbili kwa kalamu nyekundu, nikarudisha karatasi.

Mmoja wa hao tisa, yule yule wa kijumba, alinifuata hadi afisini akiwa na karatasi yake. Alinionyesha mishororo miwili ya kwanza, jembe, ng'ombe na karo, akaniomba nimsomee kadi yetu ya kusimanga, tuliyoiandika pamoja Februari: kumkumbusha mtu fadhila ulizomtendea ili ajione mwenye deni. Nilimwambia kwamba nafsineni mwenyewe amesema anatoa usia.

"Amesema, Mwalimu," akajibu. "Lakini anayeusia hahesabu ng'ombe."

Nimezikusanya tena karatasi tisa na kuwapa alama zao waliokuwa wamenukuu mishororo hiyo, ambao ni saba. Mwongozo sasa una majibu mawili, kila moja na ushahidi wake. Ubeti nimeuacha ulivyo.